Safu ya Waliosikika

Saa kumi na mbili kasorobo tuliisukuma boti kutoka Dunga,
mimi na Okumbe, na abiria mmoja tu:
Bi Chelagat, karani mstaafu wa reli, mtu wa Nakuru,
darubini shingoni, chupa ya chai mapajani,
na jicho la kushoto lenye mtoto
asiyelia, ila kila mwezi anaongeza unene.
La kulia nalo limeanza kubeba mimba.
"Heroe wa kwetu nimewatazama hadi wakanichoka," alisema.
"Namtaka mmoja tu, huyu wenu wa mafunjoni,
kabla daktari hajaniwekea kisu."

Daftari langu lina safu mbili:
Ameonekana. Amesikika.
Ofisi haikuchora ya tatu.

Mnandi, mia mbili na wanne, juu ya nguzo za gati kuukuu,
mbawa wamezianika kama sare za shule Jumamosi.
Yangeyange hamsini, weupe wa kuyachokoza matope.
Mdiria akaning'inia hewani, akayapiga maji kichwa,
akatoka na omena mdomoni, hana wa kumdai ushuru.
Fisi-maji: pua, masharubu,
kisha duara la maji likafunga mlango nyuma yake.
Viboko sita. Okumbe akawazunguka kwa mbali
kama mtu anavyompisha mama mkwe njiani.

Halafu gugumaji.
Lilikuwa limehama usiku, shamba zima lisilo na hati,
likaja kulala mlangoni pa mafunjo.
Okumbe akazima injini shingo upande
(hii ukiizima, kuiwasha ni maombi)
akashika pondo.

Kimya.
Kimya cha ziwa si kimya cha chumba.
Kina mbu, kina moshi wa sangara kutoka ufuoni,
kina povu linalopasuka chini ya majani
na tumbo la Okumbe ambaye hakunywa uji.

Kisha wakaanza, wawili.
Wa kwanza anauliza,
wa pili anajibu swali likiwa bado mdomoni,
kama wanandoa waliozoeana
hata ugomvi wao una mapigo.
Bua likatikisika. Nikamwona tiva:
mgongo mweusi wa kiwi, utosi wa manjano,
kifua chekundu, kaa la jiko lililopulizwa sasa hivi.
"Kulia, Mama! Pale bua lilipovunjika!"

Akageukia kushoto.
Akainua darubini, mikono ikimtetemeka, akacheka
kicheko cha msichana aliyepokea barua.
"Nimemwona! Alivyo mwekundu!
Na mpole jamani, hata haruki."

Huko kushoto palikuwa na dumu la mafuta ya kupikia,
jekundu, boya la nyavu za mtu,
likipanda, likishuka.

Okumbe akakohoa. Nikamkanyaga mguu.
Kulia, bua lilikuwa limeshatulia.

Nilitaka kusema. Ulimi ukapima kina,
haukugusa chini.
Nikampa penseli: "Weka alama mwenyewe."
Akainama hadi pua ikaigusa karatasi,
akaweka alama nene, ya karani, isiyo na wasiwasi,
kwenye mstari wa kiboko.

Njiani tukanywa chai yake, kifuniko kimoja kwa zamu.
Injini iligoma mara nne, ya tano ikatuhurumia.
"Yule wa pili," akasema ghafla, akitazama maji,
"ndiye mwenye haraka, sivyo?
Wa kwanza hamalizi kamwe sentensi yake.
Mume wangu alikuwa hivyo hivyo."
Hatukujua kama tujibu.

Jioni, nikinakili hesabu ya ofisi chini ya taa,
alama yake pale kwa kiboko sikuifuta.
Nikaandika: Tiva wa mafunjo, wawili, wamesikika.
Nikailamba ncha ya penseli, nikasita,
nikaongeza: mmoja ameonekana.

Ameonekana na nani, sikuandika.
Daftari halina safu hiyo.